Virusi, Saratani na Wajibu Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, Kigoma



Natoa shukrani nyingi kwa Kamati ya Chama chetu kwa kunipa nafasi hii. Kwa kawaida katika mikutano yetu tunazungumza habari za paa la bweni, vitabu vya maktaba na timu ya mpira. Hayo yote ni mambo ya lazima, wala sina nia ya kuyapuuza. Lakini safari hii Kamati imeniomba niseme juu ya afya, kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa katika maabara ya hospitali. Nimechagua habari ya virusi vinavyoleta saratani, au kansa kama wengi wetu tunavyoiita. Nitaeleza jinsi protini za virusi hivyo zinavyoudanganya ulinzi wa mwili, na jinsi zinavyoulazimisha mwili ujenge mishipa ya damu ya kuulisha uvimbe.

Mtaniuliza, kwa nini jambo kama hilo liletwe katika shule ya wavulana? Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba elimu hii kwa sehemu kubwa ilianzia katika nchi zetu hizi, na vijana wanaosoma baiolojia hapa wana haki ya kujua hivyo. Ya pili ni kwamba saratani inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote hapa Tanzania huletwa na virusi vya namna hii, na dawa ya kuizuia imo nchini bila malipo. Anayeamua kama binti atachanjwa au hatachanjwa mara nyingi ni baba, kaka au mjomba. Ndiyo kusema, ni sisi tuliokaa humu ndani.

Utafiti ulioanzia karibu na kwetu

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili, kulia na kushoto. Muda si mrefu akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 kwa muda wa wiki kumi. Walipita hospitali baada ya hospitali, wakiwaonyesha waganga picha na kuwauliza: mmepata kuona watoto wa namna hii?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalionyesha jambo la ajabu. Karibu na mstari wa ikweta, ugonjwa ulipatikana katika nchi za chini zenye joto na mvua, na ukipanda kupita kiasi cha mita 1,500 ulitoweka. Wadogo zangu, fungueni ramani zenu. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ufuko wetu wote, kuanzia Ujiji na Kibirizi hadi kusini, umo ndani ya ukanda ule, na milima mirefu ya Burundi, jirani zetu wa kaskazini, iko nje.

Burkitt alipohutubia mjini London mwaka 1961, kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alikuwa akimsikiliza. Epstein aliwaza kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua huenda unaletwa na virusi. Akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angeyatupa, lakini Epstein aliyatazama kwa darubini akakuta seli za uvimbe zikiogelea, nazo ni hai. Seli hizo zilioteshwa katika maabara, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza vya saratani ya binadamu, virusi vya Epstein-Barr, vilivyojulikana. Na mtoto aliyetoa kipande kile alikuwa mtoto wa Afrika Mashariki.

Virusi hivyo vinapatikana dunia nzima, katika mate ya watu wazima karibu wote. Kwa nini basi vilete saratani ya taya kwa watoto wetu? Jibu kubwa ni malaria. Mstari ule wa mita 1,500 ulikuwa mstari wa mbu. Malaria inayorudi kila mara huzilazimisha seli zinazotengeneza kingamwili zizaane kwa wingi, na katika kuzaana huko kosa la jeni huweza kutokea. Wakati huo huo malaria huwachosha askari wa mwili wanaovilinda virusi vile visitoroke. Mkoa wetu umehesabiwa katika miaka ya karibuni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Kwa hiyo chandarua unachomtundikia mdogo wako humkinga na homa, tena humkinga kwa kiasi fulani na saratani hii pia.

Virusi vinafanya nini ndani ya seli

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye virusi vinavyotuhusu zaidi. Navyo ni virusi vya papiloma, ambavyo kifupi chake duniani ni HPV. Ziko aina zaidi ya 200. Nyingi huleta chunjua tu. Lakini aina chache, hasa namba 16 na namba 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Aliyezigundua katika uvimbe huo ni Harald zur Hausen wa Ujerumani, katika miaka ya 1983 na 1984, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi ni maskini sana. Vina jeni nane hivi tu, wakati seli ya binadamu ina jeni zipatazo 20,000. Haviwezi kujizalisha vyenyewe. Sharti vitumie mitambo ya seli. Shida yao ni kwamba ngozi laini vinamoishi ina tabaka, na seli za tabaka za juu zimekwisha kuacha kugawanyika, mitambo imezimwa. Basi virusi hutoa protini mbili ndogo, E6 na E7, kazi yake kuiwasha mitambo ile kwa nguvu.

Kila seli ina walinzi wawili wakuu. Mmoja anaitwa Rb, naye ni kama breki: seli haigawanyiki mpaka aachie. Wa pili anaitwa p53, naye ni mkaguzi: akiona jeni zimeharibika, husimamisha kazi, na ikibidi huiamuru seli ijiue kwa faida ya mwili mzima. Protini E7 humkamata Rb, na breki ikalegea. Protini E6 humfunga p53 pamoja na mtambo wa seli wenyewe wa kuteketeza takataka, na mkaguzi akateketezwa. Gari sasa linashuka mlima halina breki, na askari wa barabarani ameondolewa.

Virusi havikukusudia saratani. Uvimbe wa saratani haviufaidi kitu, maana kwa kawaida seli za saratani hazitoi virusi vipya. Ni ajali. Hutokea pale uzi wa jeni wa virusi unapokatika na kujichomeka ndani ya jeni za seli. Hapo kile kilichokuwa kikipunguza E6 na E7 hupotea, na protini hizo mbili hutengenezwa bila kipimo, miaka nenda miaka rudi.

Jinsi ulinzi unavyodanganywa

Hapa ndipo penye swali kubwa. Mwili una jeshi. Kwa nini jeshi lisiione seli iliyoharibika namna hiyo ikaiua? Jibu ni kwamba protini hizo hizo zina kazi ya pili, nayo ni kulipumbaza jeshi. Nitaitaja kwa hatua tatu.

Kwanza, king'ora. Seli ikivamiwa na virusi hutoa protini iitwayo intaferoni, ambayo ni kama mbiu ya mgambo: jirani wote wakiisikia hujifungia milango na kuita askari. E6 humzuia mmoja wa wapiga mbiu, na E7 humzuia mwingine. Kijiji kinalala fofofo.

Pili, doria. Katika ngozi hutembea seli zenye mikono mirefu ambazo kazi yake ni kunusa kila kona na kupeleka habari kwenye tezi. E6 na E7 huvunja gundi inayozishikilia seli hizo mahali pake, na doria ikapungua katika eneo lile.

Tatu, kibao cha mlangoni. Kila seli ya mwili huweka nje, juu ya ukuta wake, vipande vidogo vya protini zilizomo ndani, kama mwenye duka anayepanga mfano wa bidhaa zake dirishani. Askari waitwao seli T hupita wakikagua. Wakiona kipande cha kigeni, huiua seli ile. Protini nyingine ya virusi, E5, huvizuia vibao hivyo visifike dirishani. Askari anapita, anaona dirisha tupu, anaendelea na safari yake.

Ongezeni na jambo hili: virusi vya papiloma haviingii katika damu, wala haviiui seli vinamokaa. Hakuna kidonda, hakuna usaha, hakuna homa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mgonjwa hajui.

Hata hivyo, tusiogope kupita kiasi. Wanawake wengi wanaoambukizwa huvishinda virusi hivyo wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Ni wachache ambao ulinzi wao hudanganywa moja kwa moja, na kwao saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kuja. Lakini mwenye kinga dhaifu huweza kuipata kwa miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita kuliko mwenzake asiye navyo. Hiyo ndiyo thamani ya jeshi la mwili: ukiliondoa, adui aliyekuwa akitambaa huanza kukimbia.

Uvimbe unaomba reli

Sasa habari ya mishipa ya damu. Wazee wetu wanajua kwamba zamani mji mkubwa wa ufuko huu ulikuwa Ujiji. Kigoma ilikua baada ya reli kufika mwaka 1914. Mji hauwezi kuwa mkubwa bila njia ya kuleta chakula na kutoa taka. Uvimbe nao ni vivyo hivyo. Mwaka 1971 daktari Judah Folkman wa Boston, Marekani, alieleza kwamba uvimbe usio na mishipa yake ya damu hauzidi ukubwa wa milimita moja au mbili, sawa na kichwa cha pini. Ili ukue, ni lazima uulazimishe mwili ujenge reli mpaka ulipo. Kwa miaka mingi wenzake hawakumkubalia. Baadaye ilipatikana protini inayobeba ombi hilo, nayo inajulikana kwa kifupi cha VEGF. Seli isiyopata hewa ya oksijeni huitoa, na mishipa ya jirani huchipua matawi kuifuata.

Katika mwili wenye afya protini hii hutumika kwa kiasi, kama vile wakati wa kuponya jeraha. Mkaguzi p53 huisaidia kuizuia isizidi, na pia hutoa protini nyingine ya kukataza mishipa isichipue ovyo. Sasa E6 ikimwondoa p53, kizuizi kinaondoka. Isitoshe, E6 na E7 huifanya seli iamini kwamba haina hewa hata kama hewa ipo, nayo ikatoa ombi la mishipa usiku na mchana. Ndiyo maana daktari anapotazama mlango wa kizazi ulioanza kuharibika kwa chombo cha kukuzia huona mishipa midogo isiyo ya kawaida, imejipinda kama mizizi. Na ndiyo maana dalili ya ugonjwa huo ni damu: mishipa iliyojengwa kwa haraka ni mibovu, huvuja na kupasuka.

Wadogo zangu, shikeni jambo hili moja katika hotuba yangu yote. Kazi hizo mbili, kudanganya ulinzi na kujenga mishipa, zinasaidiana. Protini ya VEGF inayoita mishipa huzuia pia seli za doria zisikomae. Na mishipa mibovu ya uvimbe ina kuta zisizowapa askari mahali pa kushika ili washuke kutoka katika damu. Ni reli inayoleta chakula lakini haina stesheni ya polisi kushukia.

Saratani ya Kaposi

Mfano ulio wazi kuliko wote ni saratani ya ngozi iliyoelezwa na Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872. Kule Ulaya ilikuwa ugonjwa wa nadra wa wazee. Lakini katika Uganda, Kongo ya mashariki na nchi za jirani ilikuwa ikijulikana kabla ya UKIMWI, hata mwaka 1961 mabingwa walikutana Kampala kuizungumza. Ilianza kama vinundu vyeusi au vya zambarau miguuni, ikitambaa polepole. Mwaka 1983 daktari wa upasuaji Anne Bayley, mjini Lusaka, Zambia, aliona wagonjwa vijana ambao kwao ilikimbia mwilini na kuua. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore wa New York. Ni ndugu wa virusi vya Epstein-Barr, na huenea zaidi kwa mate, mara nyingi utotoni. Hivi si maskini kama vile vya papiloma. Hivi ni wezi. Katika zama za kale viliiba jeni kadhaa za mwenyeji wao vikazigeuza. Kimojawapo ni kitasa cha kupokelea habari juu ya ukuta wa seli. Kitasa cha halali hufanya kazi pale tu ujumbe unapofika. Kile cha kuibwa kimekwama kikiwa wazi: huamuru VEGF itolewe muda wote. Kwa kuwa virusi hivi huingia katika seli za mishipa yenyewe, uvimbe wa Kaposi ni mishipa iliyoota ovyo, damu ikivuja ndani yake. Rangi ile ya zambarau ni damu iliyonaswa.

Kuhusu ulinzi, virusi hivi vina protini mbili, K3 na K5, ambazo huving'oa vibao vya mlangoni na kuviteketeza, na nyingine za kunyamazisha king'ora cha intaferoni. Lakini tazameni: mgonjwa wa UKIMWI mwenye Kaposi akianza dawa za kupunguza makali ya virusi, na askari wake wakarudi, mara nyingi vinundu vilivyo vichache hupungua, hata vikatoweka. Ugonjwa ulioenea huhitaji pamoja na hizo dawa za saratani. Huo ni ushahidi kwamba udanganyifu wa virusi una mpaka wake, na jeshi likiwa na nguvu huushinda.

Tiba na kinga

Ndugu Mwenyekiti, elimu hii imezaa dawa. Iko dawa iitwayo bevacizumab ambayo huifunga VEGF. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha enea walioongezewa dawa hiyo waliishi kwa wastani wa miezi 17, na wenzao wasioipata waliishi miezi 13 na siku kadhaa. Ziko pia dawa za kuwaamsha askari waliolazwa na uvimbe. Hizi ni hatua kubwa za sayansi. Lakini pimeni wenyewe: ni miezi minne hivi, kwa dawa ya gharama kubwa sana.

Katika miaka yangu ya maabara nilipokea chupa nyingi zenye vipande vya mlango wa kizazi. Kila chupa huja na karatasi. Mara nyingi niliona imeandikwa: mama wa watoto sita, anatoka damu tangu mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Kwa saratani iliyofikia hapo, mgonjwa huhitaji mionzi, na kwa mionzi itamlazimu aondoke mkoani kwetu, aende Bugando Mwanza au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mashirika ya kimataifa yanakadiria kwamba kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani hii hapa Tanzania, na zaidi ya 6,000 hufa.

Sasa chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Wakati huo huo watafiti wa Mwanza walikuwa wakiwafuata wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ili kujua kama sindano moja inatosha. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili karibu wote waliopata sindano moja tu walikuwa na kingamwili. Na Kenya, katika Kisumu, Nairobi na Thika, wanawake vijana 2,275 walishiriki katika jaribio lililoonyesha kwamba sindano moja ilizuia maambukizo ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Kwa ushahidi wa namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilikubali sindano moja, na Aprili 2024 nchi yetu ikaingia katika mpango huo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabinti wa Mwanza na Kisumu ndio waliosaidia kuifundisha dunia.

Yapo maneno yanayosemwa mialoni na sokoni kwamba chanjo hii inafunga uzazi. Nataka nijibu kwa hoja. Ndani ya sindano mna ganda tupu la virusi, yaani protini ya nje peke yake. Hamna jeni yoyote ya virusi. Hamna E6, hamna E7, hamna E5. Haiwezi kuambukiza, haiwezi kuleta saratani, wala haigusi kizazi. Inawaonyesha askari sare ya adui kabla adui hajafika, nao wanamngoja mlangoni. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, ambayo mara nyingi haitibiki bila kukitoa.

Na hapo mtaelewa kwa nini chanjo hutolewa mapema. Virusi vikishaingia na kujichomeka katika jeni, seli haivai tena ile sare ya nje. Zimebaki E6 na E7 ndani ya nyumba yenye dirisha tupu. Askari aliyefundishwa sare hana la kufanya. Watafiti wanajaribu chanjo nyingine za kuwafundisha askari kuzitambua E6 na E7 zenyewe, lakini ya sasa ni ya kukinga, si ya kutibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wajibu wetu

Kwanza, kila mmoja wetu mwenye binti, mjukuu au mdogo wa kike wa miaka 9 hadi 14 ahakikishe amechanjwa. Zahanati ikija shuleni, baba asiwe wa kwanza kukataa.

Pili, wake zetu, na hasa waliofika miaka 30, wapewe nafasi na nauli ya kwenda kupimwa. Kipimo cha siki ni chepesi: muuguzi hupaka siki hafifu, na sehemu iliyoharibika hubadilika kuwa nyeupe kwa dakika chache. Ikionekana mapema, hutibiwa kwa kugandishwa au kuchomwa, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi, tangu miaka 25. Damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya kukoma hedhi au baada ya tendo la ndoa, si jambo la kungojea mpaka mavuno yaishe.

Tatu, tusiwaachie wanawake lawama. Virusi hivi hubebwa na wanaume bila dalili. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa waliambukizwa kwa kiasi kidogo kuliko wengine, ingawa tohara haiondoi hatari yote. Mume anayemtukana mkewe kwa sababu kipimo kimeonyesha kasoro hajui anachosema, maana huenda ugonjwa ulitoka kwake mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kabla hata hawajaoana.

Nne, nasema nanyi wadogo zangu wa kidato cha tatu na cha nne. Burkitt hakuwa na mitambo ya ajabu. Alikuwa na gari kuukuu, picha, ramani na swali. Ramani hiyo mnayo. Ufuko huu una vijiji ambavyo hufikiwa kwa boti tu. Kuwafikia mabinti wa huko, kujua nani amechanjwa na nani bado, na kujua kwa nini mama fulani alichelewa, ni utafiti unaongoja watu wake. Nani atakayeujua ufuko huu kuliko ninyi?

Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 wawe wamepimwa kwa kipimo bora, na 90 kati ya waliokutwa na ugonjwa wawe wanatibiwa. Naomba Chama chetu kiazimie leo kwamba kila mwanachama ataulizwa katika mkutano ujao, pamoja na ada yake, kama binti wa nyumbani kwake amechanjwa. Liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.